Hoja Sita

Maswali huja jioni, ng'ombe wakisharudi zizini na maji yakishachotwa. Huja kwenye kipande cha karatasi kilichochanwa katikati ya daftari, yameandikwa kwa Kiingereza, mara nyingi herufi moja au mbili zikiwa zimerukwa kwa sababu yalinakiliwa haraka kutoka ubaoni au kwenye simu ya rafiki. Nikiyatafsiri yanakuwa hivi: Eleza sababu sita za kuzuka kwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jadili athari sita za Mapinduzi ya Viwanda kwa bara la Afrika. Onesha kwa hoja sita namna Mdororo Mkuu wa Uchumi ulivyoyagusa makoloni. Sita, daima sita. Nimesoma historia sekondari, nikaisoma tena chuo kikuu, na sijawahi kukutana na vita iliyokubali kuwa na sababu sita kamili. Lakini hapa Choma kila vita ina sita, kila mkataba una sita, na dola zote za zamani zilianguka kwa sababu sita, hakuna iliyojikakamua ikafika ya saba.

Choma ninayoisema ni Choma Chankola, wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora. Naitaja kwa jina lake lote kwa sababu chuoni nilichoka kuulizwa kama kwetu wanauza mishikaki, na kwa sababu ukiandika "Choma" peke yake kwenye simu unapelekwa Zambia, kwenye Choma nyingine iliyo kubwa na maarufu kuliko yetu. Yetu iko upande wa bonde la Manonga. Tunalima mpunga na pamba, tunafuga ng'ombe, asubuhi tunasalimiana "mwangaluka", na kiangazi tunakula vumbi. Nilirudi hapa na shahada ya ualimu, masomo ya kufundishia Historia na Kiswahili, kuja kusubiri ajira. Kusubiri ajira nako ni kazi, ila haina mshahara. Wiki ya pili tangu nirudi, binti wa jirani aliyekuwa kidato cha nne akaja na kipande chake cha karatasi. Wiki iliyofuata walikuja watatu. Sasa chini ya mwarobaini wetu kuna mabenchi mawili na ubao niliopaka rangi nyeusi mwenyewe, na mama amezoea kuongeza maji kwenye uji.

Kinachowakwamisha kwanza si historia yenyewe. Somo hili linafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kijana anayeweza kukusimulia kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, mwanzo hadi mwisho, jinsi ng'ombe wa baba yake walivyoibwa na nyayo zao zikafuatwa usiku kucha hadi porini, ukimwambia aandike sentensi tatu kuhusu Bismarck anageuka bubu. Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, na wadogo zao wanalifurahia. Hawa wangu ni wa mtaala wa zamani. Kwao dunia nzima imefungiwa kwenye lugha ya kuombea kazi, kwa hiyo wanakariri. Kuna walimu wanaosema kukariri ni uvivu. Mimi naona ni kazi ngumu kuliko kuelewa: ni kubeba mzigo ambao hujaruhusiwa kuufungua uone umebeba nini.

Chukua hoja ya mafungamano ya kijeshi, ambayo haikosekani kwenye orodha ya sababu za vita ya 1914. Wote walikuwa nayo kichwani. Mwaka 1882 Ujerumani, Austria-Hungaria na Italia zilifungamana. Kufikia 1907 Uingereza, Ufaransa na Urusi nazo zikawa upande mmoja. Nikauliza: kufungamana maana yake nini? Kimya. Mmoja akajaribu, "Ni kuwa marafiki, mwalimu." Nikawauliza habari za sungusungu.

Hapo mabenchi yalipata uhai. Sungusungu walianzia huku kwetu, Unyamwezini na Usukumani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kila mtoto wa hapa anajua kanuni yake: mwano ukipigwa kijiji hiki, kijiji cha pili kinatoka, na cha tatu kikisikia kinatoka pia, mkuki na upinde mkononi, na asiyetoka anatozwa faini. Huulizi kwanza nani kakosa. Unatoka. Nikawachorea ubaoni: Austria-Hungaria inaitangazia Serbia vita tarehe 28 Julai 1914, Urusi inaitikia mwano wa Serbia, Ujerumani inaitikia wa Austria, Ufaransa ina ahadi na Urusi, na tarehe 4 Agosti Uingereza imeshaingia. Siku nane tu. Walielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi nikiwa na umri wao. Kisha yule binti wa jirani akanyoosha mkono. "Lakini mwalimu, sungusungu wanatoka kumfuata mwizi. Hawa wote walikuwa wanamfuata nani?"

Wanahistoria wamelipigania swali hilo kwa zaidi ya miaka 100 na hawajamalizana. Nilimwambia hivyo. Alionekana kuridhika, tena kufurahi kidogo, kwamba swali lake lilikuwa limewashinda na wengine.

Asiyefurahi alikuwa mmoja. Ni kijana wa miaka 22, anaendesha bodaboda kati ya hapa na Ziba, na alikuwa akija darasani bila kushuka kwenye pikipiki: anaiegesha pembeni ya benchi, anakaa juu yake, daftari analiweka kwenye tangi la mafuta. Anarisiti. Mtihani wa kwanza alipata D tatu, na vyuo vya cheti vinataka ufaulu wa masomo manne. Amebakiza D moja maishani, ndivyo anavyosema mwenyewe. Ada ya mtahiniwa wa kujitegemea aliilipa kwa nauli za abiria, na kila saa anayokaa chini ya mwarobaini ni abiria wanaochukuliwa na wenzake. Alichagua Historia kwa kuwa haihitaji maabara.

"Dada," aliniambia siku ile ya sungusungu, wenzake wakiwa wameondoka, "hizi hadithi ni tamu, sikatai. Ila mimi nipe hoja sita. Nyingine utanisimulia nikishafaulu."

Sikuwa na jibu la maana, na sidhani kama lipo. Ni rahisi sana kwa mtu mwenye cheti mkononi kuhubiri kwamba elimu si mtihani. Mimi nimeshavuka mto. Yeye yuko ng'ambo, na anayesahihisha karatasi yake hatamuuliza habari za sungusungu. Nilimpa hoja sita. Nilizipanga vizuri, kila moja na sentensi ya kuanzia, na akaziandika kwa mwandiko wake mkubwa wa duara, akawasha pikipiki, akaenda.

Lakini wanaofundishwa kuandika insha za mtihani hufundishwa pia kwamba hoja haisimami peke yake. Kwanza hoja, halafu ufafanuzi, halafu mfano. Mfano. Hapo ndipo nilipoona pana nafasi ndogo, kama ule upenyo kati ya ukuta na bati ambao njiwa huutumia. Hakuna sheria inayosema mfano utoke Ulaya.

Jumamosi iliyofuata niliwauliza ilichukua siku ngapi kutoka risasi ya Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914, hadi mizinga ya Waingereza kulia Dar es Salaam. Walikisia mwaka, miaka miwili. Ni siku 41. Tarehe 8 Agosti meli ya kivita ya Uingereza iliushambulia mji, ikiulenga mnara wa mawasiliano ya redio wa Wajerumani. Mtu ameuawa katika mji ambao hakuna aliyekuwa akiujua kwenye pwani hii, na kabla mpunga haujavunwa vita imefika. Kijana wa bodaboda aliinua kichwa. "Siku 41 hata mzigo wangu kutoka Dar haujafika," akasema.

Ndipo nikawaambia habari za sarafu ya Tabora.

Mji wa Tabora ni makao makuu ya mkoa wetu, lakini wengi wa wanafunzi wangu hawajawahi kufika. Ni hadi upite Nzega, na nauli si mchezo. Wanaujua kwa maembe, kwa asali, na kwa barua za serikali. Hawakujua kwamba mwaka 1916 ulikuwa, kwa muda, makao makuu ya utawala wa Wajerumani, waliokuwa wakisukumwa kutoka kaskazini na pwani. Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa limefunga bahari na fedha mpya hazifiki kutoka Ujerumani. Askari wanataka mishahara, wenye nafaka wanataka malipo. Serikali ikachapisha noti za dharura hapa hapa, kwenye karatasi yoyote iliyopatikana, lakini watu hawakuziamini. Aliyekuwa na sarafu ya chuma aliifukia. Basi karakana ya reli ya Tabora (reli ilikuwa imeufikia mji mwaka 1912) ikageuzwa kiwanda cha fedha. Walitengeneza sarafu za heller 5 na heller 20 kwa shaba ya mabaki, yakiwemo maganda ya mizinga. Halafu wakatengeneza ya dhahabu, ya rupia 15. Upande mmoja tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo ameinua mkonga, mlima nyuma yake. Zilitoka zaidi ya 16,000. Leo moja huuzwa minadani Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola.

"Dhahabu waliitoa wapi, kama bahari imefungwa?" aliuliza kijana wa bodaboda. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu aanze kuja.

"Sekenke."

Ungewaona. Sekenke! Kila mtu wa Igunga aliyewahi kupanda basi la kwenda Singida, Dodoma au Dar anaijua Sekenke: unavuka mbuga ya Wembere, unauona mlima mbele, dereva anapunguza gia, na kina mama wanaanza kusali. Malori yalikuwa yakianguka pale hadi mlima ukapata jina baya. Kwao Sekenke ilikuwa mahali pa ajali. Kumbe Wajerumani walikuwa na mgodi pale tangu kabla ya vita, na dhahabu yake ndiyo iliyopigwa muhuri wa tembo Tabora kwa sababu ya mambo yaliyoanzia Sarajevo. Mmoja aliyekuwa na simu aliitafuta picha, ikazunguka benchi zima, vidole vikiikuza hadi tembo akajaa kioo. Kijana wa bodaboda aliitazama kwa muda mrefu zaidi ya wote. Kisha akauliza ile ni hoja ya ngapi.

"Si hoja. Ni mfano. Hoja ni kuvurugika kwa uchumi wa makoloni."

Akaandika.

Kuanzia hapo tukawa na utaratibu usio na jina. Wao wanaleta hoja, mimi natafuta mfano ulio karibu iwezekanavyo na mwarobaini. Baadhi ya siku unapatikana bila kutafuta. Mdororo wa 1929 tuliumaliza kwa nusu saa, maana mtoto wa mkulima wa pamba hahitaji kuelezwa kwamba bei inaweza kuanguka kwa mambo yaliyotokea katika mji asioujua, huku serikali ikimhimiza alime zaidi. Baba wa mmoja wao, aliyekuja kumchukua mwanawe, alisimama akasikiliza, akasema, "Hiyo si historia, hiyo ni msimu uliopita," akaondoka.

Mapinduzi ya Viwanda yalitutesa zaidi. Kitabu chao kinasema yalileta mahitaji ya malighafi. Malighafi ni neno lisilo na harufu. Nikawapeleka Unyanyembe, yaani Tabora ya kabla ya reli, ambako njia ya misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika, moja ikienda Ujiji na nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Msafara kutoka Tabora hadi Bagamoyo ulichukua kama miezi mitatu. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, na pembe kubwa ya tembo ilimtosha mtu mmoja au ikawashinda wawili. Kutoka Bagamoyo pembe zilivuka Zanzibar, na sehemu kubwa ikaenda Marekani, ambayo ilikuwa na konseli wake Zanzibar tangu 1837. Huko Connecticut kuna miji miwili midogo, Deep River na Ivoryton, ambayo viwanda vyake viliikata pembe hiyo vipande vyembamba vya kuwekwa juu ya vitufe vya piano. Jina la huo mji wa pili maana yake ni Mji wa Pembe. Na kile kilichorudi? Kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts, kilichojulikana hadi ndani ya bara kwa jina ambalo bibi zetu bado wanalitumia: merikani. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipopiganwa Marekani kati ya 1861 na 1865, pamba ikaadimika huko, merikani ikapungua huku, na nguo za India na Uingereza zikachukua nafasi yake.

Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona piano. Wamezoea kinanda cha kanisani, cha umeme, vitufe vyake vya plastiki. Jumapili moja baadaye binti wa jirani aliniambia kwamba wakati wa sadaka aliitazama mikono ya mpiga kinanda hadi wimbo ukaisha bila yeye kuimba. "Hivi wale waliokuwa wanapiga," akauliza, "walijua?" Baadhi walijua, nadhani. Kujua hakukuwazuia kupiga.

Hapa niseme kitu kinachonikera kwenye vitabu vyetu. Mpagazi akitajwa, anatajwa kama mtu wa kuonewa tu, kichwa chini, mgongo umepinda. Wanyamwezi wa karne ya 19 wasingejitambua kwenye picha hiyo. Wengi walikwenda pwani kwa hiari na kwa malipo, walipatana ujira, waligoma wakidhulumiwa, na kijana ambaye hajawahi kuiona bahari alionekana bado mtoto. Wasafiri wa Kizungu waliokuja na vitabu vyao vya kumbukumbu walilalamika sana juu ya wapagazi, na ukisoma malalamiko yale vizuri unaona watu waliojua thamani ya kazi yao. Ukitaka kuona uonevu, subiri 1914. Kazi ile ile, mzigo wa kichwani ule ule, sasa ukafanywa kwa kamba na kwa lazima. Upande wa Uingereza peke yake, walioandikishwa kubeba mizigo ya vita ya Afrika Mashariki wanakadiriwa kufikia milioni moja. Makumi ya maelfu walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na njaa. Kambi yao Dar es Salaam ilikuwa pale ambapo jina lao la Kiingereza, likitamkwa kwa midomo yetu, lilibaki kuwa Kariakoo.

Nilipolisema neno hilo mmoja alicheka, akidhani natania. Shangazi yake ana fremu ya viatu Kariakoo. Nguo alizovaa siku ile zilitoka Kariakoo. Dada wa shangazi huyo alimtumia begi la shule kutoka Kariakoo kwenye basi lililopita Sekenke. Alipoona sitanii alinyamaza, akalivuta begi karibu na miguu yake. Sijui kwa nini nalikumbuka hilo begi.

Wapo wanaoniambia kwamba haya ni kuwapotezea watoto muda. Mwalimu mmoja, mtu ninayemheshimu, alinieleza kwa upole kwamba msahihishaji ana rundo la karatasi mbele yake na mwongozo mkononi. Akiona Sarajevo anaweka vema, akiona Sekenke anasita, na kusita kunamgharimu mtoto alama. Anaweza kuwa sahihi. Ndiyo maana sikuwaacha waandike mifano kabla hawajaweza kuandika hoja zenyewe usiku wa manane wakiamshwa usingizini. Nimewakaririsha kama alivyokariri yeye. Hoja sita kwa vidole, kidole cha sita tukikopa mkono wa pili. Sijioni kama mwalimu tofauti na wengine. Naona tu kwamba kichwa cha mtoto anayejua dhahabu ilitoka Sekenke kinaishika ile hoja ya uchumi vizuri zaidi, maana ina mahali pa kutundikwa.

Siku ya mwisho kabla ya mtihani tuliongelea mkataba wa Versailles wa 1919, na ilinibidi nirudi tena Tabora, kwa sababu bila hivyo mkataba ule ni majina ya Wazungu waliokaa kwenye ukumbi wenye vioo. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi lililouteka mji wa Tabora halikuwa la Waingereza. Waingereza walikuwa njiani, kikosi chao kikishuka kutoka Mwanza kupitia Shinyanga, lakini walitanguliwa na jeshi la Kongo ya Wabelgiji, chini ya jenerali Charles Tombeur. Maofisa walikuwa Wabelgiji. Waliokufa kwa wingi walikuwa Wakongomani. Wabelgiji hawakuitaka Tabora kwa ajili ya maembe. Waliitaka ili wawe na kitu mkononi siku ya kugawana. Na walipogawana, Uingereza ikapewa nchi hii iliyoitwa baadaye Tanganyika, Ubelgiji ikabaki na Rwanda na Burundi, na jenerali akaja kupewa ubaroni wenye jina la Tabora ndani yake.

Binti wa jirani aliuliza kama Ubelgiji bado wanakumbuka. Nikafungua ramani kwenye simu, nikaenda Brussels, katikati ya mji, karibu na jengo la zamani la soko la hisa, nikaukuza mtaa mmoja mfupi. Wakasoma wenyewe, herufi kwa herufi: Rue de Tabora. Simu ilizunguka kama ilivyozunguka siku ya tembo. Kuna baa kwenye mtaa huo, kuna maduka, watu wanakunywa bia jioni. Wakaanza kukadiria bei ya bia. Mmoja akataka kujua kama kuna mtaa wa Igunga. Mwingine akataka kujua sisi tumeweka wapi majina ya wale Wakongomani. Kijana wa bodaboda, juu ya pikipiki yake, alikuwa anapitia daftari kimya, midomo ikihesabu.

Mtihani ulikuwa Novemba. Siku ya karatasi ya Historia sikumtegemea, nilijua atakuwa anafidia abiria wa asubuhi. Lakini jua likizama nilisikia pikipiki ikipunguza mwendo njiani mbele ya nyumba. Alikuwa na abiria, mama mmoja mtu mzima mwenye kuku wawili mapajani, miguu yao imefungwa kwa kitambaa. Nikamwamkia mama. Yeye hakushuka.

"Swali la vita lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Hoja ngapi?"

"Sita." Akanyamaza kidogo. "Ya nne nimeweka ile sarafu. Nilikosa Kiingereza cha ganda la mzinga, nikaandika chuma cha bomu."

"Sarafu gani tena hiyo?" aliuliza mama kutoka nyuma.

"Ya dhahabu, mama. Walitengeneza Tabora wakati wa vita ya Wajerumani. Dhahabu yake ilitoka hapo Sekenke."

"Sekenke hii ya malori?"

"Hiyo hiyo."

Mama aliwaweka kuku sawa. "Na hiyo dhahabu yote," akasema, "ilikwenda kwa nani?"

Kijana alinigeukia. Nikafungua mdomo kujibu, lakini alikuwa ameshakanyaga gia.

"Ngoja nimweleze njiani," akasema.